Kochi Ambalo Bibi Hakulikalia



Wasomaji wetu wa pwani hawaachi kutuuliza ni vipi twaishi huku Eldoret, mji ulio juu kiasi cha mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, ambako asubuhi ya mwezi wa Julai mtoto akisema neno hutoka mvuke kinywani mwake kama birika. Jawabu ni kwamba twaishi salama, alhamdulillahi, na yanayotushughulisha ni yale yale yanayowashughulisha nyinyi: chakula, ada ya skuli, watoto na vyombo vya nyumbani. Wiki hii twapenda kuzungumza juu ya kitambaa cha makochi. Tulidhani ni jambo la duka na fundi tu, mpaka lilipotufikisha mahali pa kuona haya mbele ya mzee wetu.

Tulipohamia hapa tuliagiza makochi ya watu saba kwa fundi mmoja wa kando ya barabara: moja la watu watatu, moja la watu wawili, na mawili ya mtu mmoja mmoja. Tulichagua mahameli ya rangi ya chai ya maziwa, kwa kuwa dukani iling'aa na mkono ukipita juu yake ulipata raha. Kitambaa kilivutwa kikabanwa kwa pini za chuma juu ya mbao na sponji, kama yafanywavyo makochi mengi ya mji huu. Juu yake tukatandika vitambaa vya kufuma, maana sebule ya Kenya isiyo na vitambaa vya kufuma huonekana kama ya watu waliohama jana. Wakati huo tulikuwa na watoto wawili. Baadaye akaja wa tatu, na nyuma yake akaja paka, Karafuu, aliyeokotwa mlangoni siku ya mvua.

Mwaka jana, baada ya Idi, bibi yao watoto, mzaa baba yao, alikuja kutoka Mombasa kukaa nasi. Magoti yake hayakubali tena kusujudu chini, kwa hiyo husali ameketi. Tulimtengea upande wa dirishani wa kochi kubwa, panapopata jua la asubuhi, tukamwekea na mto wa sufi alioujia nao mwenyewe. Hakuketi hapo hata siku moja. Alivuta kiti cha plastiki kutoka jikoni akakiweka karibu na mlango, akawa anakaa hapo mchana, anasali hapo, na anahadithia wajukuu hapo. Tulipomsihi ahamie kwenye kochi alijibu kwa sauti ya upole, "Hapa pananitosha, wanangu." Tukajiambia ni mazoea ya wazee, au pengine anapenda kuona anayeingia. Majuma matano yakapita.

Aliyetufumbua macho ni mtoto wetu wa kwanza, ambaye Bibi humfundisha kusoma. Alitujia jikoni akauliza, "Kochi letu lina najisi?" Tulipomhoji, alisema Bibi alimkataza kuweka msahafu juu ya kochi, na akamwambia asiseme kwa baba na mama. Watoto, kama mjuavyo, hawana kufuli.

Ilibainika kwamba siku ya pili tu ya kufika kwake Bibi alimwona kitindamimba akikojoa pale pale dirishani, nasi tukapangusa kwa kitambaa kibichi, tukageuza mto, tukaendelea na chai. Zaidi ya hayo, pua yake ilikuwa imekwishamwambia kwamba Karafuu naye ana kona yake nyuma ya kochi la watu wawili. Sisi tulikuwa tumezoea harufu ile hata tukawa hatuisikii. Yeye aliisikia, akanyamaza, akavumilia kiti kigumu kwa majuma matano na magoti yale, kwa sababu hii ni nyumba ya mwanawe na mkazamwana wake, na hakutaka kutuaibisha. Usiku ule hatukulala vizuri.

Sisi si maulamaa, na masuala ya tohara tuliyapeleka kwa ustadhi wa msikiti wa mtaa wetu. Alitukumbusha kwanza tusimwonee paka. Hadithi ya Abu Qatada ni mashuhuri: paka alikuja kunywa katika maji yake ya udhu, naye akamwinamishia chombo anywe, kisha akaeleza kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema paka si najisi, ni miongoni mwa wale wanaotuzungukia majumbani. Basi paka kulala kwenye kochi au kulilamba hakuharibu kitu. Mkojo wake ni jambo jingine. Huo ni najisi. Manyoya yake yanayopukutika, kwa madhehebu ya Shafi ambayo ndiyo yetu sisi wa pwani, yakiwa machache husamehewa. Na mkojo wa mtoto wa kiume ambaye bado hali chochote ila maziwa hutosha kunyunyiziwa maji. Ila huyu wetu, alisema ustadhi akimtazama kitindamimba aliyekuwa na sambusa mkononi, alikwisha kupita daraja hiyo zamani.

Mahali palipoingia mkojo, basi, shurti mkojo uondoke na maji yapite juu yake. Bibi angeweza kutandika mswala safi juu ya kochi akasali, na sala yake ikasihi. Hilo ustadhi alilisema waziwazi. Lakini mswala juu ya mahameli huteleza, na mtu mwenye magoti mabovu haogopi kitu kama kuteleza. Kisha hakuna anayetaka mama yake aketi juu ya najisi iliyofunikwa na hali yeye mwenyewe yumo ndani ya nyumba na ana mikono miwili.

Hapo ndipo tulipoelewa kosa letu. Tulikuwa tumechagua kitambaa kwa rangi na kwa kushika, na hatukuuliza swali la kwanza, yaani: kitatoka? Kitambaa kilichobanwa kwa pini hakioshwi, hupanguswa tu. Ukilimwagia kochi maji ya kutosha, maji hushuka kwenye sponji, na sponji nene iliyolowa katika baridi ya Eldoret hukaa siku nyingi bila kukauka, kisha huvunda. Huko Mombasa mto uliolowa huanikwa barazani ukawa tayari kabla ya alasiri. Huku mvua ndefu huanza Machi na kuendelea mpaka Septemba, na kuna majuma ambayo jua huchungulia asubuhi tu, halafu saa nane mchana mbingu hufunga.

Tuliamua makochi mawili makubwa yavishwe upya kwa foronya, kama mto wa kulalia: kila mto wa kukalia na wa kuegemea uwe na foronya yake yenye zipu, na mikono na kitako cha kochi viwe na vazi linaloshikwa kwa velkro. Ndani ya foronya kuna foronya nyingine nyembamba ya merikani inayoishika sponji, ili unapovua ya nje usibaki na sponji inayobomoka mikononi. Merikani, kwa wasiojua, ilipata jina lake kwa sababu ilikuja Zanzibar kwa majahazi ya wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, hasa baada ya mkataba wa Sayyid Said na Marekani wa mwaka 1833. Ni ajabu kuwa baada ya miaka yote hiyo bado ndiyo kitambaa rahisi tunachokiomba dukani kwa jina hilo.

Fundi wetu wa pili hakufurahi. Foronya, alisema, hukunjamana, na kochi huonekana limevaa nguo za kuazima. Hakusema uongo: foronya isiyokatwa vizuri hulegea na kuvuta macho. Lakini tulimwambia tunanunua kuoshwa, hatununui kupigwa picha, akacheka akakubali.

Kisha ikaja kazi ya kuchagua kitambaa chenyewe. Eldoret ni mji wa nguo kuliko wengi wanavyodhani. Hapa ndipo kilipo kiwanda cha Rivatex, kilichokuwa kimefungwa, kikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007 na kuzinduliwa upya kwa mitambo mipya mwaka 2019. Hapa pia zipo Raymond na Ken-Knit, wenye mablanketi na nyuzi za kufuma. Hata hivyo vitambaa vya makochi vilivyojaa madukani vingi vyatoka ng'ambo, na muuzaji akiulizwa kitadumu muda gani hujibu "miaka mingi" kwa kila kimoja, hata kile kinachochanika ukikitazama.

Viwanda vina kipimo chao. Kuna mashine iitwayo Martindale inayosugua kitambaa kwa mizunguko mpaka kianze kuchakaa. Cha kochi la kukaliwa kila siku nyumbani hutakiwa kustahimili mizunguko kati ya 15,000 na 25,000, na nyumba yenye heka heka itafute cha 25,000 hadi 30,000. Ukibahatika, idadi hiyo imeandikwa kwenye lebo ya mtumba wa kitambaa au kwenye kitabu cha sampuli. Pia tazama herufi ya usafi: W maana yake kinakubali maji, S maana yake kinataka dawa maalumu bila maji, WS ni vyote viwili, na X ni cha kufagiliwa vumbi tu. Kwa nyumba ya sala yenye mtoto mdogo, S na X hazifai hata zikitolewa bure.

Dukani kwetu hapakuwa na lebo. Tuliomba vipande vya sampuli vya ukubwa wa kiganja, tukapewa sita, tukavifanyia mtihani nyumbani. Kila kipande tulikimwagia chai ya maziwa, tukakichora kwa biro, tukakipaka udongo mwekundu wa uani, tukakiacha usiku kucha, kisha tukakifua kwa sabuni ya kipande na kukianika chini ya upenu siku ya mawingu. Tulikwaruza kila kimoja kwa sindano ya kushonea magunia, badala ya kucha za Karafuu, ingawa baadaye yeye mwenyewe alikuja kutoa maoni.

Chenili, kile kinene chenye nyuzi laini kama viwavi, kilianguka mapema. Sindano ilinasa ikavuta uzi mrefu. Vitambaa vyote vyenye vitanzi, hata vikiwa vizito namna gani, ni mwaliko kwa paka. Kitambaa mfano wa kitani, chenye nyuzi pana zilizoachana, kilipendeza kuliko vyote, lakini kilinasa vilevile na biro haikutoka. Mahameli, tukiri haki yake, ilijitetea: haina vitanzi, kucha hazipati pa kushika, na paka wengi huipuuza. Angekuwa paka peke yake tungebaki nayo. Lakini mahameli yetu ilikauka kesho yake mchana, na manyoya yalikuwa yameiganda.

Ngozi bandia tuliijua tayari kutoka kwa jirani. Hupanguswa vizuri sana, na mkojo hausharabiwi mara moja isipokuwa kwenye mishono. Kasoro yake ni kuwa ile nyembamba hubambuka baada ya miaka michache, vipande vikawa vinaganda kwenye kanzu nyeusi na buibui. Huko pwani joto, unyevu na jasho huiharakisha. Huku hubakia baridi kama bati asubuhi. Ngozi ya kweli hudumu, lakini alama ya kucha juu yake haifutiki, na bei yake si ya gazeti hili kuitaja mbele ya watu wenye watoto shuleni.

Kilichoshinda ni drili nzito ya pamba iliyosokotwa kwa mshazari, ndugu wa jinzi, ya namna ile inayoshonewa sare za walinzi. Chai ilitoka, udongo ukatoka, biro ikabaki kivuli. Sindano ilipita bila kunasa. Kipande kilichoanikwa saa tatu asubuhi kilikuwa kimekauka wakati wa alasiri. Si kitambaa cha kifahari. Hakimetameti hata kidogo. Rangi tulichukua ya kahawia iliyochanganyika na kijivu, maana nyeusi huonyesha manyoya na nyeupe huonyesha kila kitu kingine.

Tahadhari moja ambayo fundi alitaka kuiruka: pamba husinyaa. Tulinunua mita 18 kwa shilingi 750 kila mita, tukazifua na kuzikausha kabla ya mkasi kugusa, zikabaki takriban mita 17. Tungeshona kwanza na kufua baadaye, foronya zingekuwa za makochi ya watoto wa chekechea. Zipu tulitaka ya nailoni, ndefu, inayozunguka nyuma mpaka kwenye kona mbili, ili mto uingie bila vita. Kwa nyinyi wa pwani jambo hili ni la lazima zaidi, kwani zipu ya chuma kwenye hewa ya chumvi hushika kutu ikaacha mstari mwekundu kwenye kitambaa. Juu ya sponji za kukalia, chini ya foronya ya nje, tuliongeza kipande cha kitambaa kisichopitisha maji cha kukingia godoro, upande wa juu tu; upande wa chini tukauacha wazi sponji ipumue.

Sponji za zamani hazikuokoka. Fundi alipofungua kochi la watu wawili tulisimama mbali. Alikata zile za kukalia akaweka mpya nzito, na alipogeuza kochi kubwa alikuta kitambaa cheusi cha chini kimetobolewa shimo la ukubwa wa sahani, na ndani yake tandiko la soksi za watoto, vipande vya sponji na manyoya. Karafuu alizaa humo mwaka mmoja kabla, nasi tulidhani alizaa kwa jirani. Sasa sehemu hiyo imefungwa kwa turubai.

Juu ya paka mwenyewe, kitambaa peke yake hakitoshi. Paka hukwaruza kwa maumbile yake, kunoa kucha na kunyosha mgongo, na kumpiga ni kumfundisha kukwaruza ukiwa umetoka. Tulichukua gogo la kimo cha sentimita 80 hivi, tukalizungushia kamba ya mkonge tangu chini mpaka juu, tukalipigilia kwenye ubao mpana lisiyumbe, tukaliweka kando ya mkono wa kochi pale pale alipozoea kukwaruza. Ukiliweka uani atalipuuza. Sanduku lake la mchanga sasa husafishwa kila siku. Tulipoacha siku tatu ndipo alipokuwa akichagua kona yake. Na jamani, mkojo wa paka usiumwagie dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe. Mkojo ule una amonia, na vikikutana hutoa hewa yenye sumu, na mtoto anayetambaa hapo chini ndiye wa kwanza kuivuta. Kausha kwanza, mimina maji, tumia siki iliyozimuliwa kuondoa harufu, kisha maji tena.

Wapo waliotuuliza juu ya mbwa, kwa kuwa nyua nyingi za huku zina mbwa wa ulinzi. Wetu ni wa mwenye nyumba na mipaka yake ni geti. Aliyepatwa na mate ya mbwa kwenye foronya atajua mwenyewe thamani ya zipu, kwani kuosha mara saba, moja kwa udongo, hakufanyiki juu ya mbao.

Foronya zilipokamilika hatukumwambia Bibi neno. Tulizifua tena mbele yake uani, ingawa zilikuwa mpya, maji yakipita juu yake kutoka kwenye mpira wa bomba, tukazianika, na jioni tukazivisha. Alitazama kazi yote kutoka kwenye kiti chake. Baada ya Magharibi alisimama, akafungua zipu ya mto wa dirishani, akatia mkono ndani mpaka kwenye merikani, akanusa vidole vyake, akaifunga. Isha aliisali hapo. Tulipomwomba radhi alisema, "Nyinyi mna watoto na kazi. Mimi nina pua tu."

Foronya huvuliwa kila juma la pili, na siku ya ajali huvuliwa saa ile ile. Tuna seti ya akiba ya mito miwili ya kukalia, ambayo twaona ni bora kuliko kuwa na seti ya sahani za wageni. Makochi mawili ya mtu mmoja mmoja bado yana mahameli yao ya zamani na pini zao. Yamesafishwa kadiri ilivyowezekana, yamehamishiwa chumba cha nyuma, na yatasubiri mpaka ada ya muhula ujao ilipwe.